Ziara za viwanda vya wiski Islay: lipia kimea na ghala, kwingine pita tu

Kama mfuko wako unaruhusu ziara mbili tu ukiwa Islay, ya kwanza iwe kwenye kiwanda ambacho bado kinaotesha shayiri yake sakafuni kupata kimea, na ya pili iwe ya kuonja ghalani, wiski ikitolewa pipani mbele ya macho yako. Nyingine zote ni ziada. Nasema hivi baada ya likizo nzima ya kutoka kiwanda hiki kuingia kile, mpaka mitambo ya shaba ikaanza kufanana na nikawa namsikiliza mwongozaji kwa sikio moja.

Islay inatamkwa "Aila". Ni kisiwa cha pwani ya magharibi ya Uskoti, wakazi wake ni kama elfu tatu, na viwanda vya wiski viko kumi hivi. Yaani kila watu mia tatu na kiwanda chao. Wiski ya huku inajulikana kwa moshi. Kuna watu wakiinusa mara ya kwanza wanaisukuma glasi upande wa pili wa meza, na kuna wengine hawataki tena nyingine.

Msafara wetu ulikuwa wa watu watatu. Mimi nanywa, ila kwa adabu. Mume wangu hanywi kabisa. Ni Mlutheri aliyeokoka, starehe yake ni soda, kwa hiyo usukani ulikuwa wake bila mjadala. Wa tatu ni wifi yangu, aliyekuja kututembelea Glasgow kutoka Rombo, Kilimanjaro, mwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya kienyeji, alichorithi kwa mama mkwe wangu. Kwake pombe ni kazi, si anasa. Ukitaka kujua kama mwongozaji wa kiwanda anakijua anachokisema au amekariri tu, nenda na mtu wa namna hiyo.

Nianze na suala la dereva, maana wengi wanalipuuza. Tangu Desemba 2014 Uskoti imeshusha kiwango cha pombe kwa dereva hadi miligramu 50 katika mililita 100 za damu, wakati kule England bado ni 80. Toti mbili za kuonja zinaweza kukuvusha mstari, na barabara za kisiwani ni nyembamba, nyingine gari moja tu ndilo linapita na lingine lisubiri pembeni. Viwanda vinalijua hilo. Ukisema wewe ndiye dereva, fungu lako la kuonja linawekwa kwenye vichupa vidogo uondoke navyo. Mume wangu alisema kila tulikoenda, akapewa kila tulikoenda, na akaishia kuwa mlokole mwenye akiba kubwa ya wiski kuliko mlevi yeyote ninayemfahamu.

Kufika si kazi ngumu ila ni safari. Kutoka Glasgow unapita kando ya Loch Lomond, unavuka milima, unapita Inveraray, mpaka bandari ya Kennacraig kwenye rasi ya Kintyre. Weka karibu saa tatu za barabarani, zaidi kama mna mtu anayetaka kupiga picha kila kondoo. Pale unapanda feri ya CalMac, na baada ya saa mbili na ushee unashukia Port Ellen kusini au Port Askaig kaskazini mashariki. Ndege kutoka Glasgow zipo pia, ila utakosa ile dakika ambayo meli inakaribia na majengo meupe ya viwanda yanaanza kuonekana ukingoni mwa bahari, kila kimoja na jina lake limeandikwa ukutani kwa herufi nyeusi kubwa za kusomeka kutoka majini.

Ukishuka Port Ellen, acha gari. Kuna njia ya waenda kwa miguu inayotoka kijijini kwenda kiwanda cha Laphroaig, ikaendelea Lagavulin, ikaishia Ardbeg, yote kama kilomita 5. Inaenda sambamba na barabara, imetengenezwa vizuri, na haina kiingilio. Katika vyote nilivyovikuta Islay, thamani kubwa kwa bei ndogo ni hiyo njia.

Laphroaig kilianza mwaka 1815, na ni kati ya viwanda vichache vya Uskoti vinavyootesha sehemu ya shayiri yao wenyewe sakafuni. Sehemu kubwa ya viwanda vya siku hizi hununua kimea kilichokwisha kutengenezwa kwenye viwanda vikubwa vya kimea, kimojawapo kiko palepale Port Ellen na moshi wake unauona kutoka mbali. Si dhambi. Lakini kama umesafiri umbali wote huo, utataka kuona kitu kinapoanzia.

Chumba cha kimea ni kirefu, dari liko chini, madirisha madogo yanafunguliwa na kufungwa kupunguza au kuongeza joto. Shayiri iliyolowekwa imetandazwa sakafuni, unene wa kiganja hivi, na kuna mtu anapita na koleo la mbao na reki kuigeuza, kwa sababu nafaka inayochipua inatoa joto, na isipogeuzwa mizizi inashikana na inavunda. Kazi hiyo haina saa za ofisi, hata usiku inageuzwa. Chumba kinanuka unyevu na matango.

Wifi hakusubiri maelezo. Aliinama, akachukua punje mbili tatu, akaipasua moja kwa ukucha wa kidole gumba, akasugua unga wake kati ya vidole viwili, akaonja. Halafu akaitazama mizizi, akaiweka mezani kwa mwongozaji pale dirishani.

"Wifi, muulize hii ina siku nne?"

Nikamuuliza. Yule kijana akamtazama wifi, akatazama ubao ulioandikwa kwa chaki karibu na mlango, akasema ndiyo, ni siku ya nne. Kuanzia hapo ziara ikabadilika. Wazungu wenzetu kwenye kundi waliachwa kidogo pembeni, kijana akawa anamuuliza yeye maswali, nami natafsiri.

Kwa asiyejua: mbege inapikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi. Ulezi unalowekwa, unafunikwa uchipue, unaanikwa, unasagwa. Kule kwetu kimea hicho ni mso. Nafaka inapochipua inajitengenezea vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Mpika pombe anataka hiyo sukari kabla mche haujaila, kwa hiyo lazima aukatishe ukuaji kwa wakati, kwa kuukausha. Rombo tunakausha kwa jua. Islay jua si la kutegemea, na miti ya kuni ni haba, basi wakakausha kwa walichonacho, na hicho ndicho chanzo cha sifa yote ya kisiwa.

Walichonacho wanakiita piti. Ni majani na mimea ya kinamasini iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka, ikagandamizana ikawa udongo mweusi mzito. Unakatwa kwa jembe maalumu katika vipande virefu, unaanikwa porini mpaka ukauke, unachomwa tanurini chini ya sakafu yenye matundu ambako kimea kimetandazwa. Hauwaki sana, unafuka. Moshi unashika ganda la nafaka wakati bado lina unyevu. Kinachoshika ni fenoli, kemikali za moshi, na hupimwa kwa sehemu katika milioni: kimea cha Laphroaig kina kama 40 hadi 45, cha Ardbeg kinavuka 50, cha Bowmore ni kama 25. Hizo ni za kimea. Mpaka wiski iingie chupani nyingi zimepotea njiani. Tulioneshwa mlango wa tanuri ukifunguliwa, na kile kitambo kidogo kilitosha kunifanya nirudi Glasgow na koti linalonuka.

Wifi alisimama pale mlangoni muda mrefu. "Ni mso tu huu," akasema, "ila wa kwao wameukausha kwa hasira."

Ladha ya Laphroaig yenyewe, ile ya miaka 10, inanuka hospitali. Nimefanya kazi wodini na sasa natunza wazee, najua ninachosema: dawa ya kusafishia kidonda, bandeji mpya, halafu chumvi ya bahari, na mwisho kabisa utamu unaochelewa kuja. Wanasimulia kwamba Marekani ilipopiga marufuku pombe, kati ya 1920 na 1933, hii iliendelea kuingia kama dawa. Ukiinusa utaamini.

Kuna hadithi nyingine pale iliyompendeza wifi kuliko wiski. Mwaka 1934 alikuja msichana kutoka Glasgow, Bessie Williamson, kufanya kazi ya muda ya kupiga chapa kiangazi kile. Hakuondoka. Mwenye kiwanda, Ian Hunter, hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 1954 kiwanda kikabaki mikononi mwa Bessie, akakiendesha miaka na miaka, wakati ambapo biashara hii ilikuwa ya wanaume watupu. "Na ukoo wa marehemu walikubali?" wifi akauliza. Ukitoka kwetu, hilo ndilo swali la kwanza.

Halafu likaja la shamba. Laphroaig wana utaratibu, tangu 1994, kwamba ukinunua chupa unaweza kujiandikisha ukapewa futi moja ya mraba ya ardhi yao ya kinamasi, cheti unapata, na kodi ya pango wanakulipa kwa toti ya wiski ukifika kudai. Unaweza kwenda kuchomeka kibendera mahali pako. Mimi niliona ni mchezo mzuri. Wifi, anayetoka mahali ambapo ndugu wanapelekana baraza la kata kwa ajili ya hatua mbili za kihamba, aliuangalia mchoro wa kiwanja akacheka mpaka akakaa chini. "Futi moja? Hata mgomba hausimami!" Lakini cheti alikichukua, na amekitundika kilabuni.

Huo ndio upande wa moshi. Upande wa pili wa wiski ni mbao, na kwa mbao nenda Lagavulin, ukachukue ziara ya kuonja ghalani badala ya ile ya kuzunguka kiwanda. Kiwanda chenyewe, cha mwaka 1816, kimekaa kwenye ghuba ndogo, na ng'ambo ya maji kuna magofu ya ngome ya Dunyvaig. Dakika tano za kusimama pale nje zinatosha. Mali iko ndani.

Ghala lina sakafu ya udongo, giza, baridi. Mnakaa kwenye viti vya kuungaunga kuzunguka mapipa yaliyosimamishwa. Mwenye kazi anapiga kizibo kwa nyundo ya mbao, kinatoka, anaingiza bomba refu la shaba, anaziba juu kwa kidole, analitoa limejaa, anakumiminia. Hakuna lebo wala hadithi ya sanduku la zawadi. Ile ya kwanza ilikuwa changa, haina rangi ya kutosha, kali, moshi mtupu. Iliyofuata ilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la saba, na hapo ndipo unaelewa. Mwenye ghala akatuambia tumimine tone kiganjani, tusugue viganja viwili, tunuse. Pombe inapaa kwanza, kinachobaki ni kimea, halafu mbao. Wifi alikuwa ameshafanya hivyo kabla ya kuambiwa.

Sheria inataka wiski ya Uskoti ikae kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na isishuke asilimia 40 ya kileo. Inapoingia pipani mara nyingi huwa asilimia 63 na nusu, nyeupe kama maji. Rangi na sehemu kubwa ya ladha vinatoka kwenye mbao, labda mwenye kiwanda aongeze rangi ya karameli, na hilo linaruhusiwa. Mapipa mengi yanatoka Marekani, kwa sababu wenzao kule wamebanwa na sheria yao kwamba bourbon, wiski yao, lazima iwekwe kwenye pipa jipya lililochomwa ndani. Likishatumika mara moja linauzwa, na Waskoti wanalipokea kwa mikono miwili. Mengine yanatoka Hispania, yalikowekwa mvinyo wa sheri, na hayo yanatoa wiski nyekundu yenye utamu wa zabibu kavu. Kila mwaka kama asilimia 2 inapotea kupitia mbao, wao wanasema ni fungu la malaika. Mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kona na chupa yake ya maji, akasema malaika wa Mungu hawanywi, hao ni wengine.

Ushauri mmoja wa ghalani: wiski ya pipani haijazimuliwa, inaweza kuvuka asilimia 55. Omba maji, tia matone machache. Hakuna atakayekucheka, wao wenyewe wanafanya. Aliyekataa maji kwenye kundi letu, bwana mmoja wa kujua kila kitu, alitoka pale akishikilia ukuta.

Sasa hiyo shaba iliyo katikati ya kimea na ghala. Kila ziara ya kawaida itakupitisha mahali pale pale: kinu cha kusaga, pipa kubwa la kuchanganya unga na maji ya moto ili sukari itoke, mapipa ya kuchachusha ambako hamira inafanya kazi kwa siku mbili tatu mpaka ipatikane kitu kama bia ya asilimia 8 hivi, kisha mitambo ya shaba ya kukeneka, mara mbili. Ni vizuri kuona mara moja. Umbo la shingo ya mtambo lina athari kwenye ladha, hilo kweli, na kila kiwanda kitakwambia shingo yake ndiyo siri yao. Lakini kwa macho ya mgeni ni shaba na joto, na katika baadhi ya viwanda hata picha huruhusiwi kwa sababu ya mvuke wa kileo. Kiwanda cha tatu unaanza kutazama saa.

Kitu kimoja tu hapo kilitushika, nacho ni kasha la shaba ya njano lenye vioo na kufuli, ambamo pombe inayotoka mtamboni inapita ionekane lakini isiguswe. Fundi anageuza mkono wa nje: ya kwanza kutoka, yenye harufu kali, inaelekezwa kando, ya katikati ndiyo inayowekwa, ya mwisho nayo kando, na hizo mbili zinarudishwa kupikwa tena. Zamani ufunguo wa kufuli ulikuwa kwa afisa wa ushuru wa serikali, si kwa mwenye kiwanda. Maana kabla ya sheria ya mwaka 1823, iliyoshusha ushuru na kutoa leseni kwa paundi 10, wapishi wengi wa nchi hii walikuwa wanapika usiku mabondeni na kuficha mitambo wakisikia afisa anakuja.

Wifi akanivuta mkono. "Kwa hiyo hawa walikuwa wapika piwa."

Ndiyo. Piwa, gongo, liite utakavyo. Walipopewa leseni wakajenga majengo meupe na kuandika majina ukutani. (Wifi yangu hapiki piwa. Naandika hivyo kwa yeyote wa Rombo anayesoma hapa.)

Ardbeg tulikwenda kula zaidi kuliko kuonja, na nashauri ufanye hivyo hivyo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1981, kikafufuliwa kidogo mwishoni mwa miaka ya themanini, kikaponea kabisa mwaka 1997 kampuni ya wiski ya Glenmorangie ilipokinunua. Tanuri la zamani la kimea sasa ni mgahawa, dari refu, na ukishatembea kutoka Port Ellen kwa upepo ule, supu na mkate vinakwenda mahali pake. Kuna foleni saa za mchana, nenda mapema. Wiski yao ndiyo yenye moshi mwingi kuliko ya majirani zake wawili, lakini ajabu ni kwamba kwangu ilikuwa laini kuliko Laphroaig, ina kitu cha ndimu kinachokata moshi.

Bowmore ni mji mkuu wa kisiwa, mtaa mmoja unaopanda kutoka baharini mpaka kanisani. Kiwanda cha mwaka 1779 kiko chini kabisa, ukuta wake unapigwa na maji ya Loch Indaal. Nao wana sakafu ya kimea, na wana ghala maarufu, Namba 1, lililo chini ya usawa wa bahari, ukutani kuna unyevu wa kushikika. Kama hupendi moshi wa kukukaba, huku ndiko kwa kuanzia, na kama unataka kimea na ghala kwa siku moja bila kuendesha gari, hapa ndipo penyewe. Mume wangu ndiye aliyefurahi kuliko wote. Joto linalobaki kiwandani linapelekwa kupasha maji ya bwawa la kuogelea la umma, ambalo limejengwa ndani ya lililokuwa ghala la kiwanda, basi yeye akaogelea wakati sisi tunaonja. Halafu akatupandisha mtaa kuona kanisa la mviringo, la mwaka 1767, linalosemwa lilijengwa hivyo shetani asipate kona ya kujificha. Alilizunguka ndani lote, akalikubali.

Vingine kwa ufupi. Caol Ila kina dirisha kubwa mbele ya mitambo, linalotazama mlango wa bahari na milima ya kisiwa cha Jura, ni mandhari nzuri kuliko zote tulizoziona ndani ya jengo. Wiski yao nyingi inaingia kwenye Johnnie Walker, kwa hiyo kama umewahi kuhudhuria harusi ya watu wenye nazo Moshi, umeshakinywa bila kujua. Kilchoman, cha mwaka 2005, kiko shambani magharibi, wanalima sehemu ya shayiri yao, wanaotesha wenyewe, wanajaza chupa hapo hapo. Kama mvua haijaharibu barabara, nenda. Bruichladdich na Bunnahabhain ndiko kwa kumpeleka asiyetaka moshi, maana wiski zao kuu hazikupitishwa kwenye piti.

Sasa la kulalamika. Kuna kiwanda kimoja, sitakitaja, tulilipa ziara ya bei ya juu tukapewa binti aliyekariri karatasi. Wifi aliuliza kwa nini walibadilisha hamira, kwa kuwa kwenye picha ya zamani ukutani palikuwa na jina lingine la hamira. Jibu likawa tabasamu na "tuendelee". Ziara ya saa nzima ilikwisha kabla hata nusu saa haijafika, tukamwagwa dukani kati ya fulana na vishikio vya funguo. Ukitaka kukwepa hili, kabla ya kulipa uliza maswali mawili: kundi ni watu wangapi, na tutaonja kutoka pipani au kutoka chupani? Wakisita kwenye la pili, chukua toti yako ya baa ukae nje utazame bahari.

Bei sitaziandika, zinabadilika kila msimu. Ziara fupi ni kama gharama ya chakula cha mchana cha mtu mmoja mgahawani, na ya ghalani inaweza kufika mara mbili au tatu ya hiyo. Ya ghalani inastahili. Chupa za kawaida usizinunue kiwandani, zile za miaka 10 au 12 mara nyingi utazikuta kwa bei nafuu kwenye supamaketi za Glasgow. Dukani kiwandani nunua tu kisichopatikana kwingine, hasa chupa unayojaza mwenyewe kutoka pipani na kuandika lebo kwa mkono wako.

Kama unasafirisha kwenda nyumbani, kanuni za ndege ni kwamba pombe ya zaidi ya asilimia 24 mpaka 70 iwe kwenye begi la kupakiwa, isizidi lita 5 kwa abiria, na chupa ziwe zimefungwa kiwandani. Zaidi ya asilimia 70 hairuhusiwi kabisa. Wifi alifunga zake ndani ya vitenge vya kurudisha, hakuna hata moja iliyovunjika, na sasa wateja wake wa mbege wanalipia kunusa.

Msimu: mwishoni mwa Mei kuna tamasha la kisiwa, Fèis Ìle, kila kiwanda kina siku yake na vitanda vyote vimejaa tangu mwaka uliopita. Julai na Agosti kuna visubi, wadudu wadogo wanaouma jioni pasipo na upepo, na dawa ya mbu ya kwetu haiwatishi. Viwanda vingi kiangazi husimama wiki kadhaa kufanya matengenezo, mitambo ikiwa baridi, ingawa wageni wanapokelewa. Sisi tungerudi, tungekwenda Septemba. Ila anza na nafasi ya gari kwenye feri kabla ya kutafuta pa kulala. Kitanda ukikosa Port Ellen utapata Bowmore au shambani kwa mtu, lakini feri ikijaa utabaki Kennacraig, na Kennacraig hakuna hata pa kununua chai ya maana.